Kiwavi Mweusi wa Saboti: Somo juu ya Rangi za Viwavi na Vipepeo

 Somo letu la safari hii limetokana na barua. Tulikuwa tumekusudia kuendelea na darasa ya mirathi. Lakini barua hii ilipofika na kusomwa mbele ya wanafunzi, wote tulikubaliana kwamba jawabu yake isicheleweshwe, kwani aliyeiandika ana shamba linaloliwa, na ana mtoto aliyefungiwa kitabu.

SUALA

Ndugu yetu huyo ni mzaliwa wa pwani, na sasa ni mkulima wa mahindi huko Saboti, upande wa magharibi wa mji wa Kitale, chini ya Mlima Elgon. Atuarifu kwamba mvua zilipoanza alipanda, na mahindi yalipofika magotini aliona viwavi wachache wa rangi ya kijani chini ya nyasi za ukingoni. Akawadharau, maana kila shamba lina viwavi. Hazikupita wiki mbili, akaamka asubuhi akakuta viwavi weusi, weusi kama mahameli, wasiohesabika, wametoka katika malisho ya jirani wanakwenda kwa safu, na kila jani walilolipita limebaki uti wake tu.

Majirani wakamwambia: Viwavi hawa si wa kawaida. Jana walikuwa kijani na leo ni weusi, kiwavi wa Mungu hageuki rangi namna hii, hawa wametumwa. Akatokea mtu mmoja mwenye kanzu na kofia, ajiitaye mwalimu, adaiye kwamba elimu yake ameitoa pwani. Akataka thamani ya mifuko miwili ya mbolea ili aandike hirizi nne zizikwe katika pembe nne za shamba. Na mmoja katika majirani akaapa kwamba yeye alizizika mwaka uliotangulia, na siku ya nne viwavi wakatoweka wote, asionekane hata mmoja.

Ndugu yetu alipokuwa akisitasita, mwanawe asomaye skuli ya sekondari akamwambia: Baba, katika kitabu changu cha bayolojia mna khabari za wadudu wageukao rangi. Baba akakitwaa kitabu, akaona kwamba mlango huo wazungumza mageuko ya viumbe, akakifunga na kukitia sandukuni, kwa kuogopa kwamba kitamtoa mtoto katika dini. Sasa atuuliza mambo mawili. La kwanza: Je, weusi wa viwavi hawa ni uchawi, hata hirizi ziwe ndiyo dawa yake? La pili: Je, yajuzu mwanawe kuisoma elimu hiyo?

JAWABU

Ndugu muulizaji, masuala yako mawili yaonekana kuwa mbali mbali, lakini shina lake ni moja. Mwenye hirizi akwambia usitafute sababu, kwa kuwa yeye anayo siri. Nawe wamwambia mwanao asitafute sababu, kwa kuwa waogopa kwamba sababu itachukua mahali pa Muumba. Sisi twasema: rangi ya kiwavi ina sababu, na sababu hiyo yachunguzika kwa macho, na kuijua hakumpunguzii Mwenyezi Mungu chochote, bali humwondolea mja ujinga na humwokolea mali yake. Tutayaeleza hayo kwa utaratibu, tukianza na kiwavi ambaye kila msomaji wetu wa mjini anaweza kumwona nyumbani kwake.

1. Kiwavi wa mlimau

Nyumba nyingi za pwani zina mlimau au mndimu uani. Tazama majani yake machanga baada ya mvua: waweza kuona kitu kidogo cheusi chenye doa jeupe, ukadhani ni kinyesi cha ndege. Si kinyesi hicho, bali ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Akiwa mdogo amevaa sura ya kitu ambacho hakuna ndege akitamaniye. Akisha kukua, umbo lake hupita kiasi cha kinyesi, na hila ile haimfai tena; basi hujivua ngozi akatoka wa kijani, mwenye alama za kahawia mfano wa vivuli, akafanana na majani ayalayo. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye rangi ya chungwa na harufu kali, za kumfukuza adui. Kisha hujifunga katika tawi akawa ganda. Na ganda hilo likiwa kati ya majani mabichi aghalabu huwa kijani, na likiwa juu ya kijiti kikavu aghalabu huwa kahawia.

Huyu ni mdudu mmoja, wa yai moja, na katika wiki chache amebadilisha mavazi mara kadha wa kadha. Hatujasikia mtu aliyemwendea mganga kwa sababu ya kiwavi wa mlimau. Kwa nini? Kwa sababu amekula majani machache tu, na khasara yake ni ndogo. Basi jambo hili lataka kuzingatiwa: si kugeuka rangi kunakotutia khofu, ni khasara. Na khofu ndiyo soko la mwenye hirizi.

Rangi zenyewe nazo zina asili yake. Kijani cha viwavi wengi hutokana na manjano wayapatayo katika majani wayalayo, yakichanganyika na buluu itengenezwayo mwilini mwao. Weusi hutokana na kitu kiitwacho melanini, nacho ni jamii moja na kile kilichotia rangi ngozi na nywele za wanadamu. Na lile vumbi libakilo vidoleni ukimshika kipepeo si vumbi, ni magamba madogo madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, na kila gamba lina rangi yake.

2. Kiwavi jeshi na mavazi yake mawili

Sasa twende Saboti. Kiwavi aliyemwingilia ndugu yetu, kwa sifa alizozitaja, ni yule aitwaye kiwavi jeshi, na jina lake la kitaalamu ni Spodoptera exempta. Mama yake ni nondo wa rangi ya kijivu na kahawia, arukaye usiku, ambaye mtu humpita bila ya kumtazama mara ya pili. Nondo jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na viwavi hula kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Chakula chao ni nyasi na jamaa za nyasi: mahindi, mtama, wimbi, mpunga na malisho ya ng'ombe.

Kiwavi huyu Mwenyezi Mungu amemjaalia tabia mbili katika mwili mmoja. Akikua peke yake, au pamoja na wenzake wachache waliotawanyika, huwa kijani au kahawia hafifu. Hukaa chini karibu na mashina, ni mzito wa kwenda, na kwa shida macho humtofautisha na nyasi. Lakini wakianguliwa wengi mahali pamoja, wakawa wanagusana usiku na mchana, basi katika kujivua ngozi huvaa weusi mgongoni, wenye mistari myeupe ubavuni. Huacha uzito wao, hupanda juu ya majani mchana wa jua, na chakula kikiisha huondoka kwa pamoja. Hapo ndipo walipopata jina la jeshi.

Jambo hili si la kubahatisha. Mwaka 1943 mtaalamu wa wadudu wa Afrika Kusini, J. C. Faure, alitoa maandishi yaliyobainisha kwamba wa kijani na wa mweusi si wadudu wawili, ni mmoja. Twaa mayai ya mama mmoja uyagawe mafungu mawili. Fungu moja ulilee kiwavi mmoja mmoja katika chombo chake, na fungu la pili ulirundike katika chombo kimoja. Wale wa kwanza aghalabu watakuwa kijani au kahawia, na wale wa pili watakuwa weusi. Hapana mchawi aliyeingia katika chumba hicho. Kilichoingia ni msongamano tu.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, usidhani kwamba wale wachache wa kijani uliowaona ndio wote walioamka weusi. Wengi wa weusi hao walitokana na mayai ya nondo walioshuka kwa pamoja usiku wa mvua. Lakini hata mmoja katika wale wa kijani, lau angetiwa katika msongamano ule akiwa bado mdogo, naye angevaa vazi la wenzake.

Mtu atauliza: Weusi huo una faida gani? Wataalamu wametaja mbili. Ya kwanza ni joto. Kitu cheusi hunywa jua kuliko kitu cheupe, na kila mwenye kuvaa koti jeusi adhuhuri katika Mombasa alijua hilo bila ya kusoma kitabu. Na kiwavi apatae joto hukua upesi. Ya pili ni kinga. Mahali penye msongamano maradhi huenea, kwa wadudu kama kwa watu. Viwavi hawa wana ugonjwa wa virusi uwauao kwa wingi. Katika miaka ya mwisho ya 1990 ilionekana katika majaribio kwamba wale weusi waustahimili ugonjwa huo kuliko wale wa rangi hafifu, kwani ule weusi wa ngozi unaambatana na nguvu ya mwili ya kupambana na vijidudu. Aliye peke yake hahitaji ngao hiyo. Yeye ahitaji kujificha. Aliye katika umati hawezi kujificha. Yeye ahitaji ngao. Kila mmoja amepewa kimfaacho katika hali yake.

Na mwenzake katika tabia hii twamjua sote. Nzige walioingia Kenya mwishoni mwa mwaka 2019 na kuenea mwaka 2020 walikuwa wa waridi walipokuwa wachanga na wa manjano walipopevuka. Lakini nzige huyo huyo wa jangwani akikaa peke yake huwa na rangi ya mchanga, wala hakuna amtazamaye.

Wala asidhani msomaji wetu wa mjini kwamba khabari hii haimhusu. Unga wa sima ulao Mombasa, Malindi na Lamu, sehemu kubwa yake hutoka katika mashamba ya Trans-Nzoia na jirani zake, na shamba likiliwa kule, bei hupanda hapa. Tena kiwavi mwenyewe ana ujamaa na pwani. Katika miezi isiyokuwa na mlipuko hubaki wachache wachache, khasa katika nyasi za pwani na za nyanda za juu zipatazo mvua mara kwa mara, nao wamevaa kijani na hawaonekani. Mvua zinapoanza huzaana. Milipuko ya kwanza aghalabu hutokea Tanzania na mashariki ya Kenya. Kisha nondo huchukuliwa na upepo kuelekea magharibi na kaskazini, hata Ethiopia, na pengine huvuka bahari wakafika Yemeni. Aliyewaleta Saboti ni upepo, na upepo ni katika askari wa Mwenyezi Mungu, si katika askari wa jirani yako.

3. Siri ya siku ya nne

Sasa tumjibu yule jirani aliyeapa kwamba hirizi zilifanya kazi. Hatusemi kwamba amesema uongo. Yeye ameona kweli kwamba viwavi wametoweka. Lakini je, walikwenda wapi?

Kiwavi jeshi akisha kushiba na kutimiza siku zake, huingia ardhini kiasi cha inchi moja hivi, akajifunika na kuwa ganda. Hukaa humo kama siku saba hadi kumi, kisha hutoka akiwa nondo mwenye mbawa, akaruka usiku na kwenda zake. Na kwa kuwa wote walianguliwa siku zilizo karibu, basi wote huingia ardhini siku zilizo karibu. Leo shamba ni jeusi; baada ya siku tatu au nne hakuna hata mmoja.

Tena zingatieni jambo hili: chakula kingi zaidi kiwavi hukila katika siku zake za mwisho. Mkulima hashtuki katika siku za kwanza, kwa kuwa viwavi ni wadogo na khasara haijaonekana. Hushtuka katika siku za mwisho, shamba linapoangamia mbele ya macho yake. Hapo ndipo humwita mwenye hirizi. Na mwenye hirizi akija, viwavi wamebakiwa na siku chache tu za kukaa juu ya ardhi. Azike hirizi, azike jiwe, au azike ganda la nazi, siku ya nne watatoweka. Basi mwenye hirizi alipwa ujira kwa jambo ambalo lingekuwa hata asingekuja. Na mahindi yamekwisha kuliwa. Na fedha ya mbolea ambayo ingeyahuisha mahindi yaliyobaki imo mfukoni mwake.

Hii ndiyo namna ya itikadi nyingi mbovu kuingia katika nyoyo za watu. Hawakudanganywa macho. Waliona kweli, wakakosa kuuliza suala la pili: Na katika mashamba ambayo hayakuzikwa hirizi, ilikuwaje siku hiyo ya nne?

4. Rangi irithiwayo kizazi hata kizazi

Hayo tuliyoyaeleza ni mageuko ndani ya umri mmoja: kiwavi ana mavazi mawili sandukuni, na hali yake ndiyo imwambiayo avae lipi. Kuna mageuko mengine, nayo ndiyo aliyoyaogopa ndugu yetu katika kitabu cha mwanawe: yale ambayo rangi ya kabila zima la mdudu hugeuka kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi.

Mfano wake mashuhuri ulionekana Uingereza. Kulikuwa na nondo mweupe mwenye vidoa vyeusi, ambaye hutulia mchana juu ya magome ya miti. Mwaka 1848 alikamatwa mmoja mweusi mtupu katika mji wa Manchester. Viwanda vilikuwa vimejaza masizi miti ya mahali hapo. Mweupe akaonekana upesi na ndege, na mweusi akafichika. Kufikia mwaka 1895, katika kila mia ya nondo hao kama tisini na minane walikuwa weusi. Sharia ya kusafisha hewa ilipopitishwa mwaka 1956 na moshi ukapungua, weusi nao wakaanza kupungua. Wengine walilitilia shaka jambo hili, na kutia shaka ni haki katika elimu. Basi mtaalamu mmoja wa Cambridge, Michael Majerus, akalirudia jaribio kwa miaka saba, 2001 hadi 2007, akiwatazama ndege kwa macho yake wanavyowala nondo hao, matokeo yakalithibitisha. Hakuna nondo mmoja aliyejipaka masizi. Kilichotokea ni kwamba waliofichika waliishi wakazaa, na watoto wakarithi rangi ya wazazi wao.

Na hapa kwetu upo mfano ulio mzuri zaidi. Katika misitu ya magharibi ya Kenya, kama ya Elgon na Kakamega, na pia katika misitu ya pwani, yuko kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume lake ni la manjano hafifu na nyeusi, lenye mikia miwili mbawani. Jike lake katika bara la Afrika aghalabu halina mkia wala manjano ya dume, bali huja kwa sura mbali mbali, kila sura ikifanana na kipepeo wa kabila jingine mwenye ladha mbaya ambaye ndege humwepuka. Watu wa zamani waliwadhani majike hayo kuwa ni vipepeo wa makabila tofauti, mpaka mwaka 1869 Roland Trimen wa Cape Town alipoeleza kwamba hao wote ni wake wa mume mmoja. Na huko Madagaska jike la kipepeo huyo bado lafanana na dume.

Lakini la ajabu zaidi ni hili. Mahali ambapo wale wenye ladha mbaya ni wengi, kama ilivyoonekana Entebbe, majike huwaiga kwa usahihi. Mahali ambapo ni wachache, kama karibu na Nairobi, hupatikana majike mengi ambayo kuiga kwao si kukamilifu. Maana yake ni dhahiri: ndege ndio wachujao. Ndege aliyekwisha kuonja uchungu mara nyingi humwepuka hata amfananaye. Na ndege ambaye hajauonja hana khofu, basi sura ya kuiga haimfai kitu mwenye nayo, wala asiyefanana vizuri hachujwi. Katika miaka ya 1950 na 1960 Cyril Clarke na Philip Sheppard wa Liverpool waliwazalisha vipepeo hawa na kuhesabu watoto wao, wakaona kwamba sura hizo hurithiwa kwa kanuni, kama zirithiwavyo rangi za kuku na njiwa.

5. Je, elimu hii yapingana na dini?

Ndugu zetu, tusikimbie kujibu kwa ghadhabu. Yaliyotajwa hapo juu ni mambo yaliyoonwa na kuhesabiwa. Mtu akisema kwamba nondo wa Manchester walikuwa weupe wakawa weusi, amesema aliloliona. Akisema kwamba kwa hiyo hakuna Muumba, hilo hakuliona katika nondo, amelitoa kwingine. Nasi tutalikataa hilo la pili bila ya kulikataa lile la kwanza. Kukataa la kwanza kwa sababu ya kuchukia la pili ni kuwafundisha vijana wetu kwamba dini haiwezi kutazama kipepeo. Na kijana atakapokwenda akamwona kwa macho yake, itakuwa sisi ndio tuliomtia shaka, si kitabu.

Sura ya Faatir, katika aya za 27 na 28, yatutajia matunda ya rangi mbali mbali, na milima, na watu na wanyama, kisha mahali hapo hapo yatutajia kwamba wamchao Mwenyezi Mungu ni wenye ilimu katika waja wake. Hebu tujiulize: kwa nini wenye ilimu wametajwa baada ya rangi? Sisi twafahamu katika hayo kwamba rangi ni mlango wa ilimu, na ilimu ni mlango wa ucha Mungu.

Na wakale wetu hawakuwa vipofu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, ingawa katika itikadi alikuwa wa Mu'tazila na hatumfuati katika hayo, aliandika risala juu ya fakhari ya watu weusi. Humo alieleza kwamba nzige na viwavi wakaao katika mboga huwa kijani, na chawa wa kichwa cheusi huwa weusi, na wa kichwa chenye mvi huwa weupe; akatolea hoja kwamba weusi wa watu si laana wala adhabu, bali ni athari ya nchi katika maumbile. Namna yenyewe itendavyo kazi hakuijua kama ijulikanavyo leo. Lakini tazameni, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita mwanachuoni amekaa akitazama rangi ya kiwavi, akatoa humo hoja ya kuwatetea watu. Nasi leo twaona kiwavi mweusi, twamsingizia jirani uchawi!

Wako watakaosema: Je, Qur'ani haikutaja nzige na wadudu walioteremshwa juu ya watu wa Firauni? Ndiyo, zimetajwa katika Sura ya Al-A'raf, nazo ni ishara zilizokuja pamoja na Mtume, na khabari yake tumeipata kwa wahyi. Ni nani katika sisi aliyeteremshiwa wahyi juu ya shamba la Saboti? Alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Hapana fakhari ambayo mzazi mwenye msiba angeipenda kuliko hiyo. Lakini Mtume aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu. Na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa jua halikupatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume, je, kiwavi atageuka mweusi kwa chuki ya jirani?

Ama hirizi, imepokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir kwamba Mtume alikuhesabu kutundika hirizi kuwa ni katika shirki. Twajua kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuvaa aya za Qur'ani. Lakini kuuza karatasi kwa bei ya mbolea kwa mtu mwenye shida, na kudai kwamba itafukuza viwavi, hapo si mahali pa khitilafu hiyo. Na sisi watu wa pwani tuna sehemu yetu ya lawama. Mtu yule alijipa cheo kwa kusema kwamba elimu yake imetoka kwetu, na watu wakamsadiki, kwa sababu ni kweli kwamba kwa miaka mingi tumepeleka bara biashara ya namna hiyo, na tumekaa kimya. Aibu hiyo hatutaiondoa kwa kuwacheka wakulima.

6. Mukhtasari wa jawabu

Suala la kwanza: weusi wa viwavi si uchawi. Ni vazi la msongamano. Usinunue hirizi, na uliyemdhania jirani yako umtake radhi. Na kumtegemea Mwenyezi Mungu si kukaa. Yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga aliambiwa amfunge kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Basi kufunga ngamia wako ni huku: Mvua zinapoanza, kagua nyasi za ukingoni na mashina ya mahindi kila baada ya siku mbili tatu, na uwatafute wadogo wa kijani kabla hawajawa jeshi. Muulize afisa wa kilimo khabari za mitego ya nondo, ile yenye harufu ya jike ivutayo madume, kwani nondo wakizidi mtegoni, viwavi wako njiani. Uwaonapo wakiwa wengi, mwarifu siku hiyo hiyo, ili dawa ipigwe wakiwa wadogo; wakisha kuingia ardhini, dawa ni fedha iliyomwagwa. Wala usipeleke ng'ombe katika malisho yaliyopigwa dawa kabla ya muda ulioandikwa kupita.

Wala usitegemee rangi peke yake. Tangu mwaka 2017 amekuwako Kenya kiwavi mgeni kutoka bara la Amerika, na mashamba ya magharibi yalikuwa katika ya kwanza kumpokea. Huyo haendi kwa safu, bali hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Naye huwa kijani, kahawia, hata karibu na mweusi. Alama yake ni mstari mweupe kichwani mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na vidoa vinne vyeusi vilivyopangwa mraba karibu na mkia. Dawa na wakati wa huyu si sawa na wa yule. Basi mjue adui yako kwa alama zake.

Suala la pili: mrudishie mwanao kitabu chake. Msome naye, na mahali mtakapokwama ulizeni, sisi tupo. Habari ya asili ya mwanadamu ina mlango wake, nasi tutaufungua katika somo jingine. Lakini mlango wa kiwavi na kipepeo hauna jambo la kumtoa Mwislamu katika dini. Tena siku ya soko mchukue Kitale, mwende katika jumba la makumbusho la mji huo. Lilianzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926, naye alikuwa mpenzi wa wadudu na ndege, akakusanya mpaka alipofariki mwaka 1966. Mkusanyiko wake ukawa wa taifa, na jumba jipya likafunguliwa mwaka 1974. Mtu huyo mgeni aliwatazama vipepeo wa wilaya yako umri wake wote. Haifai sisi, ambao Kitabu chetu chatuamrisha kutazama, tuwe ndio tufumbao macho.

Na wewe msomaji wa mjini, kesho asubuhi kabla hujaenda kazini, nenda uani ukautazame mlimau wako, na umwite mtoto wako atazame pamoja nawe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nafaka za ndugu zetu wa Saboti na za Waislamu na watu wote, atuzidishie ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kula mali ya wenye shida kwa jina la dini yake. Amin.